Tupeane uzoefu: mchezaji au kocha aliyewahi kugusa mtaa wako, alifanya nini na kilibaki nini?

Mlezi wa Temeke

Wakuu, habari za leo. Nalea watoto 23 kwenye kituo kidogo huku Temeke, na kila Agosti inapokaribia najua wageni watakuja. Simba Day na Wiki ya Mwananchi, yaani sherehe za Simba na Yanga kabla ya msimu, zina utaratibu wake: wachezaji na mashabiki wanachangia damu, wanazunguka wodini, wanapita kwenye vituo vya yatima. Na sisi tumeshafikiwa na mashabiki, tukapewa mchele, sukari, mafuta ya kula na sabuni za miche. Nawashukuru kwa moyo wote. Mchele ule watoto wameula, na damu ile imemwokoa mama wa mtu.

Leo lakini nataka kumsimulia mwingine, beki wa kushoto wa timu ya ligi kuu. Jina silitaji, mwenyewe alikataa. Mara ya kwanza alikuja na wenzake kwenye basi la timu. Wenzake wakiwa kwenye picha, yeye macho yake yakatua kwenye kichwa cha mtoto wetu mmoja, kimejaa mapunye. Akaniuliza, "Mama, huyu ananyolewa wapi?" Nikamwambia ukweli, kinyozi wa mtaani alishawakataa watoto wangu, anaogopa mashine yake itawaambukiza wateja. Akanyamaza.

Jumamosi yake, saa mbili asubuhi, bodaboda ikasimama getini. Kavaa kandambili, mkononi ana mfuko, ndani mna mashine ya kunyolea, spiriti, pamba na tyubu sita za dawa. Akageuza ndoo, akakaa, akanyoa vichwa 14. Kila kichwa kikiisha anapangusa meno ya mashine kwa spiriti, anapuliza, ndipo anaita, "Mwingine!" Yule mwenye mapunye alimweka wa mwisho, akampaka dawa kwa kidole chake mwenyewe. Alirudi kila Jumamosi ambayo timu haikuwa safarini, karibu miaka miwili.

Haya, nipeni za kwenu. Awe nyota au wa benchi, nataka yale mliyoyaona kwa macho.

Mwana wa Mathare

Shikamoo mama, hiyo ya mapunye imenigusa sana.

Mimi nimekulia Mathare, Nairobi. Huku kwetu mpira ulianza na takataka. MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, ilianzishwa 1987 na Bob Munro, raia wa Kanada, na kanuni yake ilikuwa rahisi: timu inapata alama ikishinda mechi, na inapata alama nyingine ikisafisha mtaa. Mnaweza kuwafunga wote na bado mkakosa kombe kwa sababu hamkujitokeza kuzibua mtaro. Nilikuwa na miaka kumi na moja, sepetu imenizidi urefu, maji meusi yamefika magotini, na kapteni wetu anaita majina mmoja mmoja ahakikishe hakuna aliyelala. Tulikuwa tunachukia mvua ikinyesha Ijumaa, maana Jumamosi mtaro umejaa upya.

Mwaka 1994 vijana wa mfumo huo ndio wakaunda Mathare United, na mwaka 2008 ikatwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya chini ya Francis Kimanzi, ambaye naye ni zao la MYSA. Watu wengi hapo ndipo wanapoishia. Wasichokijua ni kwamba mchezaji wa timu kubwa alitakiwa kufanya kazi ya jamii vilevile kama mazoezi: kufundisha watoto, kusimamia usafi, kuongea na vijana kuhusu Ukimwi. Kiungo niliyemshangilia Jumapili, Jumanne yuko uwanjani kwetu kwenye vumbi.

Kuna mmoja siwezi kumsahau. Alitukalisha chini tukiwa na miaka kumi na minne hivi, akaanza kueleza kuhusu kondomu. Tukacheka mpaka wengine wakalala chini. Akakunja mikono, akangoja. Tulipomaliza kucheka akaendelea pale pale alipoachia. Wakati huo wazee wawili wa ploti yetu walikuwa wameshazikwa na hakuna nyumba iliyotaja ugonjwa uliowaua. Yeye alitaja. Wengi tuliokaa pale tuko hai, na nina hakika asubuhi ile ina mkono wake.

Shabiki wa Msimbazi

Mwana wa Mathare, ule mfumo wa alama ungekuja na kwetu Manzese tungekuwa mbali sana. Naomba nijue, hizo sepetu mlikuwa mnapewa au mnaazima?

Mwana wa Mathare

Zilikuwa za chama. Mnazichukua asubuhi, mnazirudisha zimeoshwa. Ikipotea moja, timu nzima inaitafuta.

Mama Wawili, Manchester

Assalam aleikum ndugu zangu. Mimi ni Mzanzibari, niko Manchester mwaka wa kumi na tatu huu. Kazi yangu kusafisha maofisi usiku.

Machi 2020 maofisi yakafungwa kwa sababu ya korona, na mimi nikakaa nyumbani bila ya kazi. Wanangu wawili walikuwa wakila chakula cha bure shuleni. Shule zilipofungwa serikali ikatoa vocha. Kisha ikasemwa vocha hazitofika likizo ya kiangazi. Wiki sita! Nilikaa jikoni nikahesabu mchele kwa kikombe.

Marcus Rashford, mshambuliaji wa Manchester United, wakati ule ana miaka 22. Amekulia hapa hapa, Wythenshawe, mama yake akilea watoto watano peke yake, akifanya kazi na chakula bado hakitoshi. Akawaandikia wabunge barua ya wazi, akayasema yote hayo bila ya kuficha. Siku ya pili yake, 16 Juni, serikali ikageuza uamuzi. Pauni 15 kwa wiki kwa kila mtoto, na watoto wapatao milioni 1.3 wakaingia humo. Wangu ni wawili, kwa hivyo pauni 180 kwa kiangazi chote. Oktoba wabunge wakakataa kuendeleza, yeye akashikilia, na Novemba serikali ikakubali.

Nikuambieni kitu ambacho vocha peke yake isingekifanya. Mwanangu mkubwa miaka miwili nzima alikuwa akiwaambia wenzake kwamba chakula cha nyumbani hakipendi, ndiyo maana anakula cha shule. Mimi nilikuwa sijui. Siku barua ile iliposomwa kwenye televisheni akaja jikoni, akasimama mlangoni, akaniambia, "Mama, mimi nilikuwa naongopa kuhusu pilau lako." Nilimkumbatia nikalia. Basi shuleni walipofungua, hakuongopa tena.

Muuguzi wa Kusini

Dada wa Manchester, pole na hongera.

Mimi niko zahanati ya kijiji, mkoa wa Lindi. Nikisikia watu wanamtaja Sadio Mané huwa natega sikio, kwa sababu lake ni la kwetu wauguzi. Kijiji chake, Bambali kule Senegal, hakikuwa na hospitali. Baba yake alifariki Mané akiwa na miaka saba, hapakuwa na pa kumkimbizia karibu. Alipopata uwezo akajenga shule, kisha hospitali iliyofunguliwa 2021. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba alikwenda Ikulu kuzungumza na Rais Macky Sall kuhusu hospitali ile. Jengo lisipokuwa na daktari na dawa ni kuta tu, na kuta hazizalishi.

Nayasema haya kwa uchungu. Kijana wa kwetu anayecheza nje alitutumia kitanda cha kujifungulia, kizuri hasa, na mashuka 20. Ilikuwa sherehe, ngoma zilipigwa. Kumbe hakuna aliyepima mlango wetu! Kitanda hakipiti, si kwa ubavu si kwa miguu. Tukaambiwa fungu la kubomoa halipo. Kikakaa miezi minne kwenye veranda ya ofisi ya kijiji, kimefungwa nailoni, kuku wanalala juu yake. Na mimi ndani nazalisha wanawake kwenye kitanda ambacho upande mmoja nimekifunga kamba. Kila mama akijisukuma, mkono wangu mmoja uko kwake, mwingine umeshika kitanda.

Aliyetuokoa ni kocha. Anafundisha timu ya daraja la kwanza huko Dar, akaja likizo kwa wazazi. Shemeji yake alikuwa amejifungua kwangu wiki hiyo na akamsimulia kuhusu kamba. Asubuhi akaja na fundi na futi kamba, akapima kitanda, akapima mlango, akaandika kwenye kiganja. Saruji mifuko minne alinunua yeye. Vijana wa kijiji aliowahi kuwafundisha utotoni wakabeba tofali na maji. Siku mbili mlango ukawa mpana. Usiku wa tatu nikampokea mtoto wa kwanza kwenye kitanda kile, msichana, kilo 3.1.

Aliyetuma kitanda namwombea kila la heri. Ila ningependa wachezaji wasikie: kabla hamjatuma, tupigieni sisi tunaofungua ule mlango kila siku.

Shabiki wa Msimbazi

Muuguzi, hapo kwenye kamba nimeacha kusoma nikatoka nje kidogo.

Mlezi kasimulia aliyekataa kutajwa jina, lakini mimi sina ugomvi na kamera. Mchezaji Samatta na mwimbaji Alikiba walipocheza ile mechi ya hisani Uwanja wa Taifa mwaka 2018 kuchangia shule, watu walikuja kwa sababu walitangaziwa. Na mchezaji wa Hispania Juan Mata alipoanzisha mpango wa Common Goal 2017, wachezaji na makocha watoe asilimia moja ya mshahara, angekaa kimya nani angemfuata? Kocha Nagelsmann akaingia, kocha Klopp naye akaingia 2019. Ninachopenda pale ni kwamba ni ahadi ya asilimia moja ya mshahara, haingoji mpaka mtu ajisikie.

Kijana wa Goma

Jambo wote. Mimi ni Mkongomani wa Goma, sasa niko Kampala. Langu si la chakula wala pesa, sijui kama linaingia hapa.

Tarehe 7 Februari 2024, nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Kongo na Kodivaa (Ivory Coast) kule Abidjan. Siku zile vita vilikuwa Sake, karibu kabisa na sisi, watu wanaingia mjini na magodoro kichwani. Tulikuwa wengi mbele ya televisheni moja kwa jirani. Wimbo wa taifa ukaanza, na wachezaji wetu wakaziba midomo kwa mkono mmoja, mkono mwingine vidole viwili kwenye kichwa kama bunduki. Chumba chote kikanyamaza. Mama mmoja aliyekimbia Sake, amekaa chini karibu na mlango, akauliza, "Wanatusema sisi?" Tukamjibu ndiyo, mama, wanakusema wewe. Tulifungwa 1-0 na yule mama hakujua hata nani alishinda.

Halafu wapinzani wetu siku ile walikuwa na historia hiyo hiyo. Mwaka 2005, Kodivaa walipofuzu Kombe la Dunia kule Sudan, Drogba alishika kipaza sauti na wenzake wakapiga magoti mbele ya kamera, wakawaomba ndugu zao waweke silaha chini. Juni 2007 timu ikapelekwa kucheza na Madagascar Bouaké, mji uliokuwa ngome ya waasi, wakashinda 5-0. Sisemi mpira ulimaliza vita. Nasema mtu aliyekimbia nyumba yake anahitaji pia kusikia kwamba ameonekana.

Mama Wawili, Manchester

Linaingia, mwanangu. Linaingia kabisa.

Baba Nuru, Morogoro

Langu fupi. Binti yangu alizaliwa na tundu kwenye moyo. Nilipoambiwa lazima apelekwe Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, nilijua nimempoteza, si kwa ugonjwa, kwa nauli na mahali pa kulala.

Kipa mmoja wa zamani, sasa anachezea maveterani wa hapa mjini, akaja nyumbani akaniuliza kama namkumbuka Kanu, yule mshambuliaji wa Nigeria. Nikamwambia nani asiyemkumbuka. Akanikumbusha: amechukua dhahabu ya Olimpiki 1996, mwaka huo huo akagundulika ana tatizo la valvu ya moyo, akapasuliwa Marekani, akarudi akacheza miaka mingi. Na mwaka 2000 akaanzisha mfuko wa kuwalipia watoto upasuaji wa moyo. "Kanu hatumfikii," akasema, "ila bonanza tunaliweza."

Wakacheza Jumapili, kiingilio shilingi elfu moja. Jioni wakatandika taulo la kipa kwenye nyasi, wakahesabu pesa juu yake mbele yangu, noti na sarafu, laki sita na elfu arobaini. Wiki tatu tulilala Dar bila kuomba mtu. Nuru yuko darasa la pili.

Mlezi wa Temeke

Baba Nuru, mbusu binti kwa niaba ya watoto 23. Na wewe Muuguzi, namba ya simu ya mlango wako ningekuwa nayo ningempa kila mchezaji anayefika hapa.

Kuna aliyeniuliza pembeni kama yule beki bado anakuja. Alisajiliwa timu ya mkoani, msimu wa pili sasa. Siku ya kuondoka alimkabidhi mashine yule yule mtoto wa mapunye, sasa ana miaka kumi na tano, akamfundisha kupangusa meno kwa spiriti kila kichwa. Ndiye anayewanyoa wenzake. Tatizo meno yamekuwa butu, yanavuta nywele, wadogo wanalia. Kama kuna anayejua fundi wa kunoa huku Temeke, naomba anielekeze.

Shabiki wa Msimbazi

Sokoni Tandika, mama, ukiingia upande wa mitumba kuna mzee ana jiwe la kuzungusha kwa mguu. Mpelekee asubuhi, mchana anakuwa na foleni.