Drili ya 14.4V, betri za nikeli zimekufa: lithiamu, adapta au waya wa gari?

Sakina_Useremala
Wakuu, drili ni ya 14.4V, mota na gia nzima, ila betri za nikeli-kadimi zimechoka. Kwa hapa Arusha naona njia tatu: seli za lithiamu kwenye boksi lilelile, adapta ya betri mpya ya 18V, au waya kutoka betri ya gari. Ipi bora?

FundiNjoro
Lithiamu. Boksi lako lina seli 12 za 1.2V. Weka seli nne za lithiamu za saizi ya 18650 mfululizo: 4 × 3.6 = 14.4V, zikijaa 16.8V, mota inavumilia. Nafasi ikiruhusu weka nane, mbilimbili sambamba, zigawane mzigo. Chagua seli ya kutoa ampea 20, mfano Samsung 25R. Zile zinazochomolewa kwenye laptopu achana nazo hata ukipewa bure. Nyingi zimetengenezwa kwa mkondo mdogo, drili ikibana kwenye mbao ngumu zinachemka.

BMS (bodi ya kulinda betri) iwe ya 4S, yaani ya seli nne mfululizo, ampea 30 au zaidi. Kabla ya kuchomeka plagi ya nyaya nyembamba zinazotoka kwenye kila seli kwenda kwenye bodi, pima kwa mita kuanzia hasi: 3.6, 7.2, 10.8, 14.4. Ukipishanisha waya mmoja tu bodi inaungua.

Pasua_Umeme
Na chaja ya zamani weka kando kabisa! Ya nikeli haijui kusimama kwenye 16.8V. BMS itakata, sawa, lakini hiyo ni breki ya dharura. Nunua chaja ya lithiamu ya 16.8V, 2A.

Seli usizilehemu kwa risasi, joto linaharibu kizibo upande wa chanya. Zipigwe spoti (kuchomelewa kwa mashine ya nukta) kwa utepe wa nikeli wa 0.15 mm. Madukani kuna utepe wa chuma uliopakwa nikeli: ukwangue, uloweke kwenye maji ya chumvi usiku kucha. Ukishika kutu, umepigwa.

Adapta18
Adapta ni kazi ya dakika kumi, ila kwa drili ya 18V. Betri ya 18V ina seli tano, ikijaa ni 21V (hizo zinazoandikwa “20V Max” ni hizohizo). Kwenye 14.4V swichi na mota zitapata moto. Halafu betri nyingi hutegemea mashine yenyewe ikate umeme ukishuka, na drili ya zamani haikati. Seli ikishuka chini ya 2.5V inaharibika.

Kilombero_Spea
Waya wa gari unafaa ukifanya kazi mezani tu. Mita 3 za waya wa 1.5 mm², kwenda na kurudi, kwa ampea 20 hula karibu 1.4V, na betri yenyewe ni 12V. Tumia 6 mm², fyuzi ya 30A jirani na betri. Juu ya kenchi ni kero tupu.

Sakina_Useremala
Na BMS ikikata kila mota ikianza?

FundiNjoro
Mota iliyosimama huvuta mkondo mara kadhaa ya kawaida. Bonyeza swichi taratibu, au weka bodi kubwa zaidi. Bodi nyingine ikishakata haifunguki mpaka uiguse na chaja.

Ila kabla hujanunua chochote fungua boksi upime: seli za zamani huwa na urefu wa mm 43 hivi, 18650 ni mm 65. Mara nyingi inabidi zilale.