Naweka mbolea kila msimu, mbona mavuno yanazidi kushuka?

Mpandambegu:
Wakuu, habari za kazi. Naombeni msaada. Nina ekari mbili kwenye mteremko mdogo, nalima mahindi tupu msimu hadi msimu. Napandia mbolea ya DAP, yakifika magotini nakuzia urea, naimwaga pembeni ya shina. Miaka ya mwanzo yalinawiri sana. Sasa majani ya chini yanageuka njano, njano inaanzia kwenye ncha na kurudi nyuma ikifuata mshipa wa katikati, kingo zikibaki kijani. Mvua ikinyesha maji yanatiririka juu kwa juu badala ya kuzama. Mabua huwa nayachoma ili shamba liwe safi kabla ya kulima. Niongeze mifuko au nibadilishe aina ya mbolea?

JembeKali:
Mkuu, pima udongo kabla ya yote. pH, yaani kipimo cha tindikali, ikiwa chini ya 5.5 udongo una tindikali nyingi, fosforasi ya hiyo DAP inakamatwa na chuma na aluminiamu iliyomo ardhini, mahindi yanapata kidogo sana. DAP na urea zenyewe zinaongeza tindikali mwaka hadi mwaka. Inawezekana unahitaji chokaa ya kilimo ya kupunguza tindikali kuliko mfuko mwingine.

BibiShamba:
Mwanangu Mpandambegu, JembeKali amesema kweli, kapime. Lakini kabla hujauliza uongeze nini, tuangalie rutuba yako inatorokea wapi, maana maelezo yako yamenionyesha mlango zaidi ya mmoja ulio wazi.

Hiyo njano ni njaa ya naitrojeni. Mmea ukikosa huinyonya kutoka majani ya zamani na kuipeleka kwenye majani machanga, ndiyo maana inaanza chini. Urea unaiweka, sawa, ila unaimwaga juu ya udongo. Ikikutana na unyevu hugeuka amonia, na amonia ni gesi. Ukipita shambani baadaye ukasikia harufu kali puani, hiyo ni mbolea yako inapaa. Ifukie, sentimita 5 zinatosha, na uigawe mara mbili. Ukiimaliza yote siku moja kisha mvua kubwa ikapiga, naitreti, yaani naitrojeni ya urea ikishageuka na kuyeyuka, itazama na maji hadi chini ya mizizi, kwa sababu udongo hauna nguvu ya kuishika.

Sasa mavuno. Kila tani ya punje inayotoka shambani huondoka na naitrojeni kilo 15 hivi, fosforasi kilo 3 na potasiamu kilo 4. DAP inarudisha naitrojeni na fosforasi. Urea ni naitrojeni peke yake. Potasiamu umeirudisha lini? Hakuna. Nayo sehemu kubwa haiko kwenye punje, iko kwenye mabua, hayo hayo unayoyachoma! Moto unapeleka naitrojeni na salfa hewani. Potasiamu inabaki kwenye majivu, halafu mvua ya kwanza inayasomba majivu pamoja na udongo. Inaniuma kila nikiona moshi juu ya shamba lililovunwa, kwa sababu anayechoma ni mtu mwenye bidii anayedhani anasafisha.

Na huo udongo wenyewe. Milimita 1 ikiondoka juu ya ekari moja, jicho halioni kitu, lakini ni tani 5 hivi za udongo. Tena maji hayachukui kokoto. Yanachukua chembe laini na mboji, ndimo virutubisho vinamokaa. Kujijenga upya, sentimita moja ya udongo huchukua miaka mia kadhaa. Virutubisho vinarudi kwa mfuko, udongo haurudi kwa mfuko.

Simaanishi mbolea ya viwandani ni mbaya. Kule Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, kuna shamba linaloitwa Broadbalk, wamepanda ngano humo tangu 1843. Kipande kisichowekwa kitu kinatoa kama tani moja tu kwa hekta. Vilivyopewa mbolea ya kiwandani ya kutosha vimezaa vizuri miaka yote. Lakini kilichopewa samadi kila mwaka, mboji yake imepita mara mbili ya vile vingine, na hilo limechukua miongo mingi. Mboji ndiyo inayoshikilia maji na virutubisho na kufanya udongo uwe tifutifu. Kwako imekwisha, ndiyo maana maji hayazami.

Kwa hiyo acha kuchoma. Ila usiyafukie mabua makavu karibu na kupanda, maana yana kaboni nyingi kuliko naitrojeni, kama 60 kwa 1. Vijidudu vinavyoyaozesha vitakwapua naitrojeni ya udongo kwanza na mahindi yatazidi kuwa njano. Yalaze juu kama matandazo, au yachanganye na samadi uozeshe mboji. Msimu mmoja pumzisha mahindi, weka mikunde. Ikianza kutoa maua, chimbua mche mmoja taratibu, tafuta vinundu kwenye mizizi, pasua kimoja kwa ukucha. Ndani kikiwa na wekundu, bakteria wanavuta naitrojeni ya hewani. Kikiwa cheupe au kijivu, hawafanyi kazi. Ukivuna, kata mashina, mizizi na majani viachie shamba. Ukiondoka na kila kitu hujairudishia ardhi cha maana.

Kiganja:
Nyongeza: samadi isiachwe juani na mvuani miezi. Ilundike kivulini, ifunike. La sivyo utabeba makapi.

Mpandambegu:
Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili mbili. Tatizo mabua nayo mifugo inayataka, na nguvu yangu ni ndogo, siwezi yote msimu huu. Nianze na lipi?

BibiShamba:
Marahaba mwanangu. Anza na maji, kwa sababu mengine yote utakayoweka yatasombwa. Mifugo ipe nusu ya mabua na samadi irudi shambani.

Tengeneza fremu ya A: fito mbili zifungwe juu, moja ikatize katikati, ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Kwanza isimamishe, tia alama kwenye fito ya kati kamba inapopita, geuza miguu ibadilishane nafasi, tia alama tena. Katikati ya alama hizo ndiyo usawa. Tembea nayo kukatiza mteremko ukipigilia vigingi, kila hatua kamba ikae kwenye usawa, utapata mstari wa kontua, yaani unaopita sehemu zenye usawa mmoja. Chimba mfereji hapo, udongo utupe upande wa juu, kisha panda nyasi juu ya tuta mara moja kabla mvua haijaanza, kwa sababu tuta tupu huvunjika. Kama kwenu mvua ni kubwa sana, mfereji upe mwelekeo kidogo kuelekea mahali penye nyasi nzito, maji ya ziada yatokee huko bila kukuchimbia korongo.