MRI haina doa jipya, lakini akili imepungua mwendo. Je, ni gamba la ubongo?

BintiLikoni
Hamjambo nyote. Nina MS ya kurudirudi (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo, unakuja na kupoa), naishi Leicester, Uingereza, kazi yangu ni uhasibu katika duka la jumla la vyakula. Miguu iko sawa, jicho lilishapona. Shida iko kichwani. Zamani nilikuwa nafunga hesabu za mwezi huku simu iko sikioni. Sasa simu ikilia tu, safu ya ankara niliyokuwa naisoma inanipotea, naanza upya. Nyumbani wakizungumza watatu kwa pamoja, namfuata mmoja. Wala si kusahau: jambo nalijua, ila linachelewa kuja.

Nimepigwa MRI ya Tesla 3 juzi (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku ya mashine). Ripoti inasema hakuna doa jipya, wala linalong'aa kwa gadolinia, ile dawa ya kung'arisha picha wanayokudunga mshipani. Daktari kafurahi, mume wangu akasema basi ni uchovu na mawazo. Lakini nimesoma kwamba MS hushambulia hata gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, na picha za kawaida hazilioni vizuri. Ni kweli? Niombe kipimo gani? Nijibuni waziwazi, hata kama jibu ni chungu.

Radiografa_Nairobi
Dada, pole. Ni kweli. Mimi naendesha mashine ya MRI, nitasema upande huo tu.

Aina ya picha ya MRI inayotegemewa sana kwa MS inaitwa FLAIR. Kwa maada nyeupe, yaani nyuzi za neva za ndani ya ubongo, ni hodari. Gamba ni habari nyingine: unene wake ni milimita 2 hadi 4 hivi, na mayelini yake (ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva, ambayo MS huila) ni chache tangu mwanzo, kwa hiyo ikiliwa, rangi haibadiliki sana. Uvimbe wake pia huwa hafifu, ndiyo maana gadolinia mara nyingi haionyeshi kitu. Halafu kuna madoa yanayokaa juu kabisa, chini ya utando wa ubongo, jirani na maji yake. Hayo ni mengi mno, na ndiyo yanayotuponyoka zaidi. Waliochunguza ubongo wa marehemu kwa darubini wameyakuta kwa wingi mahali ambapo MRI ilionyesha pasafi.

Mwaka 2005 watafiti wa Amsterdam walionyesha kuwa aina nyingine ya picha ya MRI, DIR, inayozima maji na maada nyeupe kwa pamoja ili maada ya kijivu, kama ya gamba, ibaki peke yake, hunasa madoa mengi zaidi ya gamba kuliko FLAIR. Mwaka 2009 wenzao wa Padova, Italia, wakaona kwamba wenye MS ya kurudirudi waliopungukiwa uwezo wa kufikiri walikuwa na madoa mengi zaidi ya gamba, na gamba lao lilikuwa limesinyaa zaidi. Vigezo vya McDonald vya 2017, vya kutambua MS, navyo huyahesabu madoa ya gamba. Lakini hata DIR hukosa mengi ya yale ya juu. Kwa hiyo ripoti yako haikukanushi. Imesema juu ya kile inachoweza kukiona.

MamaNeema_Toronto
Mwanangu, omba SDMT, kipimo cha mwendo wa akili. Unawekewa alama tisa, kila moja na namba yake, kisha kwa sekunde 90 unalinganisha kadiri unavyoweza. Mimi hutaja kwa mdomo kwa sababu mkono unatetemeka. Nafanya kila mwaka, na pointi zangu zikishuka 4 au zaidi daktari wangu huanza kuuliza maswali. Watakuuliza pia usingizi, huzuni na dawa unazokunywa. Usiudhike, hayo nayo hupunguza mwendo wa akili na mengi yana tiba.

Nenda na mumeo. Wangu alikaa pembeni akaniona ninavyohangaika na vialama vile. Tangu siku ile akitaka kuniambia neno huzima redio kwanza.

BintiLikoni
Shikamoo mama, ahsante sana. Nitamchukua. Kaka, na hizi mashine za MRI za Tesla 7?

Radiografa_Nairobi
Zinaona madoa ya gamba zaidi ya Tesla 3, hasa yale ya juu. Nyingi bado ni za utafiti. Chuo Kikuu cha Nottingham, jirani zako hapo, wanayo, kwa hiyo ukisikia wanatafuta watu wenye MS, uliza. Taja mapema kama una chuma chochote mwilini.

SDMT usiisubirishe kwa ajili hiyo. Na ile habari ya simu na safu ya ankara mwandikie daktari hivyohivyo ulivyotuandikia. Ukimwambia "nasahau" tu, atatafuta kitu kingine.