Dhoruba ikiangusha nguzo Lamu, gharama iingie kwenye bei ya umeme?

Mkomani, Lamu: Waungwana, bei ya msingi ya umeme hupangwa na EPRA, mdhibiti wa nishati Kenya, kwa kipindi cha miaka mitatu. Ndani ya kipindi hicho bili hupanda na kushuka kwa mafuta ya mitambo, fedha za kigeni, mfumuko wa bei na tozo ya maji. Dhoruba haimo. Kusi ikilaza laini, pesa hutoka fungu la matengenezo, na mara nyingi kinachoahirishwa ni ukaguzi wa nguzo zilizobaki. Naunga mkono kipengele cha dhoruba kwenye bili, kilipwe na wateja wa nchi nzima. Kenya hutumia zaidi ya uniti bilioni 10 kwa mwaka; hasara ya shilingi milioni 100 haifiki senti moja kwa uniti. Tuseme wabebeshwe wateja elfu 30 wa huku peke yao: shilingi 3,333 kila mmoja.

Fundi wa laini, Malindi: Senti si neno, kaka. Kazi ni kutenga kilichoangushwa na upepo na kilichokuwa kimekwisha kufa. Nguzo ya mbao huozea usawa wa ardhi na sentimita 30 hivi chini yake, unyevu na hewa vinapokutana, na mchwa humalizia. Juu utaiona nzima. Chimba kando, choma bisibisi. Ikizama kama kwenye muhogo wa kuchemsha, hiyo haikuhitaji dhoruba. Ufukweni chumvi nayo hula waya wa kukazia nguzo na pini za vikombe vinavyoshikilia nyaya. Halafu nguzo iliyoanguka hukatwa vipande siku hiyo hiyo, ushahidi kwisha! Picha ya shina lilipovunjikia, namba ya nguzo, tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Kikikosekana kimoja, isidaiwe.

Mkomani, Lamu: Sawa kabisa. Australia kampuni ya nyaya za umeme hupeleka dai kwa mdhibiti, AER, ndani ya siku 90 za kazi, na gharama sharti ifike asilimia 1 ya mapato yake ya mwaka yaliyoidhinishwa. Hulipwa gharama ya ziada iliyoletwa na tukio hilo tu, na mdhibiti huuliza kama hasara ingepunguzwa.

Mhasibu, Malindi: Asilimia 1 hiyo msituletee. Mapato ya Kenya Power yanapita shilingi bilioni 200 kwa mwaka. Hata ukiondoa gharama ya kununua umeme, kizingiti kitabaki mamia ya milioni, na dhoruba ya Lamu haitakifikia. Kipimwe kwa bajeti ya matengenezo ya kaunti. Walio chini ya uniti 30 kwa mwezi wasikatwe kwenye tokeni.

Ila mmesahau nguzo ya zamani. Thamani yake iliyobaki imo kwenye mali ambayo mteja anailipia uchakavu na faida. Isipofutwa vitabuni, atalipia iliyolala na iliyosimama.

Fundi wa laini, Malindi: Na ikirudishwa ya zege, dada?

Mhasibu, Malindi: Dhoruba ilipie bei ya mbao. Tofauti ni uwekezaji, ikaombewe kwenye bei ya kipindi kijacho.

Mkomani, Lamu: Hapo sikubaliani. Miaka mitatu ya kungoja, watarudisha mbao.