Mashine ya kujaza mirija ya fataki: tunauziwa kasi, fataki zinatoka kichwa chini

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wenzetu mlioko Marekani mnaoshiriki mashindano ya kulenga shabaha na mnaojijazia risasi wenyewe nyumbani, jambo ambalo sheria ya shirikisho inaruhusu bila leseni ilimradi risasi hizo ni za matumizi yako na si za biashara. Mlioko Afrika Mashariki someni kama habari tu, kwa maana huko sheria za silaha ni nyingine kabisa.

Kwa asiyeijua kazi hii, fataki ni kile kikombe kidogo cha metali kinachopachikwa kwenye tako la ganda la risasi, ndani yake mna kemikali inayowaka ikigongwa, pamoja na kifuawe kidogo cha kuigongea. Mashine ya kushindilia risasi huzipokea fataki hizo kutoka kwenye mrija unaobeba 100 kwa safu, na zote lazima zilale upande mmoja, kifuawe kikitazama juu. Ikipita hata moja iliyogeuka, itapachikwa kinyume na risasi ile haitalia. Ukiwa kwenye mashindano huku saa inakimbia, risasi moja isiyolia inatosha kukuharibia zamu nzima.

Sasa malalamiko yangu. Kuna kampuni, ambayo sitaitaja, inayouza mashine ya umeme ya kujaza mirija hii, na tangazo lake zima ni kuhusu sekunde zinazotumika kujaza mrija mmoja. Nilipoipata niliifunga kwenye meza, nikafuata kijitabu neno kwa neno, na mrija ulipojaa nikaumimina kwenye sahani ili nikague: kifuawe juu, kifuawe juu, kisha mgongo unaong'aa, kisha kifuawe tena. Kasi ipo, siibishi. Lakini nifanyie nini kasi ya kunijazia mrija ambao nalazimika kuumwaga na kuuchambua kama mchele wenye mawe?

Niliwaandikia. Jibu lao lilikuwa sentensi moja: punguza mtikisiko. Nikapunguza, fataki zikakwama katikati ya njia na nyuma yake zikapanga foleni. Niliporudi kwao nikitaka fedha zangu, wakasema bidhaa iliyokwisha kugusana na fataki hairudishwi. Jamani, mashine ya fataki niijaribu kwa kitu gani, maharage?

Kinachonikera zaidi ni kwamba kampuni imenyamazia sehemu pekee yenye maana. Bakuli linalotikisika huzipandisha fataki kwenye njia inayozunguka ukutani, na mahali fulani njia hiyo imechongwa ili fataki iliyolala vibaya ipoteze mizani na kuanguka tena bakulini. Ubora wa mashine nzima uko pale kwenye mchongo, na ndipo pa kutazama kabla ya kutoa pesa. Je, mchongo unarekebishika, au umeundwa mara moja basi? Je, vipande vya mashine vya kupitishia fataki ndogo zenye kipenyo cha milimita 4.45 na vya kubwa zenye milimita 5.33 vimo kwenye boksi, au utauziwa kando kama nilivyouziwa mimi? Kijitabu hakisemi pia kwamba fataki kubwa za bunduki ni ndefu kidogo kuliko kubwa za bastola ingawa kipenyo ni kile kile, kwa hiyo safu ya 100 hairefuki sawa, na zikichanganyika bakulini hakuna mchongo utakaozitenganisha.

Marekebisho yenyewe nimeyapata kwa wazee wa uwanjani kwetu Texas na si kwa muuzaji. Bakuli lisawazishwe kwa pima maji kwanza, kwa sababu likiegemea upande, mchongo hauangushi kinachopaswa kuanguka. Kisha mtikisiko uanzie chini kabisa na upandishwe taratibu mpaka fataki zipande bila kurukaruka. Zikikwama, zima mashine. Usizisukume kwa kijiti, usigonge mrija. Vaa miwani ya kukinga macho, na vumbi la kemikali linalobaki bakulini lifutwe mara kwa mara. Yangu imekuwa afadhali baada ya kusawazishwa, lakini bado hupitisha fataki zilizogeuka, na hapo ndipo ninaposema kasoro ni ya kiwandani.

Halafu kuna suala la usalama, ambalo kampuni imeligeuza kuwa biashara ya nyongeza. SAAMI, taasisi ya watengenezaji wa silaha na risasi iliyoundwa mwaka 1926, huonya kwamba fataki zilizorundikwa pamoja zinaweza kulipuka zote kwa mkupuo. Ndiyo maana kampuni ya risasi ya Federal huzipakia fataki zake kwenye trei kubwa, kila moja katika nafasi yake. Mashine hii inazitoa kwenye nafasi hizo na kuzipanga 100 zikigusana, lakini bomba nene la chuma la kuuzingira mrija linauzwa peke yake, kwa bei ya peke yake! Kinga ya kwanza ya mikono na uso wa mteja inawekwaje kwenye orodha ya mapambo?

Tangu uhaba wa mwaka 2020 fataki si bidhaa ya kuchezea, na bei haijarudi ilipokuwa. Kwa sasa nimerejea kwenye sahani ya kugeuzia, ile unayoitikisa mpaka fataki zilale upande mmoja, na mrija wa kuokotea kwa mkono, unadonoa moja moja mpaka 100. Ni kazi ya polepole, ila ninaona kila fataki inavyoingia. Mashine imerudi kwenye boksi lake na nimepeleka pingamizi kwa kampuni ya kadi ya benki. Kama yupo aliyewahi kurudishiwa fedha kwa njia hiyo kwa bidhaa ya aina hii, aeleze hapa ni vielelezo gani aliwasilisha, kwa sababu muuzaji ameshaanza kudai kwamba mimi ndiye sikuisawazisha.