MJADALA: Wageni wanaokuja Kigoma kutumikia ili wajifunze shukrani, tuendelee kuwapokea?

Mchikichi (Mwanga, Kigoma)

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili bila jazba. Kila kiangazi makanisa yetu hapa hupokea vikundi vya vijana kutoka Marekani na Ulaya. Wanakaa wiki mbili tatu, wanacheza na watoto, wanasaidia kubeba tofali, halafu Jumapili ya mwisho wanasimama mbele kushuhudia. Ushuhuda haubadiliki: nyumbani nilikuwa mtu wa kulalamika, sasa nimejifunza kushukuru, maana watu hawa hawana kitu na bado wanafurahi.

Mara ya mwisho nilikaa benchi moja na bibi mmoja wa Kiha. Mkalimani alipofika kwenye "hawana kitu", bibi akanigeukia: "Nani hana kitu? Huyu si ndiye anakula migebuka yangu tangu Jumatatu?" Bibi ana shamba la michikichi na anakamua mawese yake mwenyewe. Kikundi kizima kilikuwa kinapikiwa kwake. Kisha akaitikia Amina kama wengine, maana mgeni ni mgeni.

Hoja yangu: parokia na sharika ziache kupokea hawa wa wiki mbili. Anayetaka kutumikia aombe hati ya ukaazi daraja C, ambayo wamisionari na wanaojitolea hupewa, aje na fani yake, akae. Waliotangulia walikaa. Mapadri Weupe, lile shirika la Kikatoliki la Wamisionari wa Afrika, walifika Ujiji Januari 1879, na hawakuja kwa wiki mbili. Kabla yao mmisionari Thomson, wa shirika la London Missionary Society, alifia hapo hapo Ujiji, Septemba 1878, hata mwezi mmoja haujatimia tangu afike.

Muuguzi wa Zamu (Kasulu)

Mkuu, makaburi yaache. Sihitaji mtu afe ndipo nimwamini.

Mimi nafanya kazi hospitali ya kanisa, jina lake silitaji. Tuliwahi kuwa na daktari mgeni aliyekaa miaka, huyo nitamtetea popote. Alikuwa anapita wodini na sisi, anatugombeza kwa kutonawa mikono, anajua mke wa nani yuko karibu kujifungua. Alipoondoka, alituacha tunaweza vitu ambavyo zamani tulikuwa tunamsubiri yeye.

Mwingine alikuja kwa wiki moja na ushei. Akapanga operesheni za ngiri, foleni ikafika getini. Mkono wake ulikuwa mzuri, sina la kumsema. Ila yeye akiwa tayari yuko angani, mimi zamu ya usiku nina mzee kidonda kimefumuka, nafungua faili nakuta mstari mmoja na sahihi. Aliyewahi kubaki na mgonjwa wa namna hiyo na tochi ya simu anajua nasema nini. Asubuhi mwanawe akauza mbuzi wampeleke hospitali ya mkoa.

Kwa hiyo kwangu siyo suala la muda peke yake. Baraza la Madaktari Tanganyika lipo, usajili upo. Anayegusa mgonjwa apite huko, aandike faili kama mtu ambaye kesho hatakuwepo, na mtu wa hapa asimame naye kuanzia kisu cha kwanza. Hao wa kucheza na watoto, sijui. Watoto wetu wana wa kucheza nao.

Bajaji ya Kibirizi

Nyie mnajadili mioyo, mimi najadili mafuta. Wakija wananikodi wiki nzima na hawaombi kupunguziwa. Wasipokuja mtanikodi nyie?

Mjukuu wa Mpagazi (Tabora)

Mwangaluka wote. Mnazungumza kama vile mmisionari ni yule tu aliyevuka bahari akiwa mweupe. Adrien Atiman mmemsahau? Aliibwa akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akauzwa utumwani, Mapadri Weupe wakamkomboa, Kardinali Lavigerie akampeleka Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika hilo hilo lenu, akatibu watu na kufundisha dini hadi alipofariki 1956. Miaka 67! Alioa huko huko. Mtu huyu alikuwa na kitu cha kushukuru, na hakukipata kwa kutuangalia tulivyo maskini. Alikuja nacho, akakilipa kwa kazi.

Halafu lingine, dogo. Mizigo ya hao mapadri, toka pwani mpaka huku, vitabu, dawa, divai ya misa, ilikuja kwa mabega ya wapagazi, na Wanyamwezi ndio waliosifika kwa kazi hiyo. Kwa kuwa walilipwa vitambaa na shanga, hakuna anayewaita watumishi.

Dada wa Sista (Kibondo)

Nimesoma kimya kimya, sasa naomba niulize. Mdogo wangu ni sista, yuko Ujerumani kwenye nyumba ya wazee. Kijerumani alikisoma akiwa mtu mzima, mtihani wa kwanza akaanguka, akarudia. Usiku anawageuza wazee kitandani, anawalisha, anasikiliza hadithi zao.

Alipokuja likizo, padri alimpa nafasi baada ya komunyo. Akasema: kule wana kila kitu, lakini wazee wao wanakufa wapweke, nimejifunza kumshukuru Mungu kwa familia zetu. Kanisa zima likapiga vigelegele, na mimi nikiwemo. Sasa kaka Mchikichi, yule mzee wa Kijerumani angekuwa amekaa benchi moja na wewe, asingekugeukia?

Mchikichi

Dada, swali lako ni zito. Maneno ni yale yale, na yanaudhi huku na kule. Ila hali hazifanani. Sista ana mkataba, ana mkuu wa zamu, na mzee akianguka familia itakuja juu. Anayehudumiwa kule anaweza kusema huyu simtaki, wakamsikiliza. Mzee wa kule analindwa na sheria, sisi tunategemea adabu ya mgeni. Hapa nani atamwambia kijana wa chuo: darasa hili usiingie, watoto hawa usiwapige picha?

Muuguzi wa Zamu

Matroni wetu alishamwambia mmoja. Aliyeitwa ofisini ni matroni.

Mzee wa Kamati (Tabora)

Wanangu, nimekaa kwenye kamati ya zahanati ya kanisa muda mrefu, niwape ya ndani kidogo. Suala la kumkataa mgeni liliwahi kufika mezani, na mama mmoja mjumbe alilileta kwa hoja safi kabisa. Kabla hatujapiga kura, katibu akasoma barua nyingine: marafiki wa mgeni huyo huyo wamechanga mabati ya wodi ya wazazi. Hoja ikaahirishwa. Mabati yakaja, geji 28, si ya kubahatisha. Na mgeni akaja. Hoja ya yule mama bado inaandikwa kwenye yatokanayo, kikao hadi kikao.

Kwa hiyo Mchikichi, hayo masharti yako nayakubali yote, na ya Muuguzi pia. Nijibu hili tu: mabati mengine yatatoka wapi? Tuombe sadaka ya pili? Huku kwetu wapo wakulima wa tumbaku ambao mpaka leo wanasubiri malipo yao.