Mafundi kompyuta, turudishieni "Sleep" kabla ya kutuuzia mazabodi

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, na anayefahamiana na mafundi kompyuta naomba awafikishie ujumbe huu kama ulivyo.

Nilipeleka kompyuta yetu ya nyumbani, ya mezani, katika duka moja hapa mjini ili ipigwe Windows upya, kwa kuwa ile ya awali ilikuwa imejaa virusi. Nililipa bei niliyotajiwa bila kuomba kupunguziwa, nikaambiwa mashine iko safi, nikaibeba. Usiku huohuo mke wangu alipotaka kuilaza alifungua menyu ya kuzimia akakuta "Shut down" na "Restart" peke yake. "Sleep", ambayo tumeizoea miaka yote tangu tuinunue, haikuwepo.

Wapo watakaoniona nalalamikia jambo dogo, kwa hiyo nieleze. Mke wangu ni mwalimu, na jioni huwa amefungua maswali ya mtihani, jedwali la alama na kurasa za vitabu kwa wakati mmoja. Akiinuka kwenda kuwapakulia watoto chakula, hulaza kompyuta, na akirudi hubonyeza kitufe kimoja akaendelea kutoka mstari uleule alioachia. Kompyuta ya mezani iliyowashwa bila kufanya kazi yoyote hula makumi ya wati, ilhali ikilala hula wati chache tu. Anayenunua umeme wa LUKU kwa fedha yake anaelewa tofauti hiyo bila kufafanuliwa. Sasa ama aiache ikiunguza yuniti, ama aizime na kuanza kufungua kila kitu upya.

Nilirudi dukani. Fundi hakuigusa mashine, hakuuliza swali hata moja, aliitazama tu akasema: "Mzee wangu, hii imeshachoka. Windows mpya haikubali Sleep kwenye mazabodi za zamani. Tukufungie nyingine, nitakufanyia bei nzuri." Bei nzuri yenyewe ya mazabodi, yaani ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote ndani ya kompyuta, ilikuwa mara kadhaa ya ile niliyolipia kupiga Windows.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza, kwa sababu mashine hiyo ilikuwa ikilala na kuamka vizuri mpaka asubuhi niliyoipeleka kwao. Tena kulala kwa kompyuta si ufundi wa juzi. Hali inayoitwa S3, ambamo karibu vifaa vyote hukatiwa umeme isipokuwa kumbukumbu ya RAM, imo katika ACPI, kanuni za kusimamia umeme wa kompyuta, ambazo Intel, Microsoft na Toshiba walizitoa Desemba 1996. Mazabodi yangu si ya kabla ya hapo, na yeye anajua hivyo.

Nikaamua kuiuliza kompyuta yenyewe. Nilifungua Command Prompt, kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, nikaandika powercfg /a na kubonyeza Enter. Amri hiyo huorodhesha hali za kulala ambazo kompyuta inazikubali na zile inazozikataa, na kwa kila inayokataliwa hutaja sababu. Kwenye S3 haikusema kwamba mazabodi haina uwezo huo, ambayo ndiyo ingekuwa kauli ya kumuunga mkono fundi. Ilisema kuna sehemu ya mfumo iliyoizima, na chini yake likaandikwa neno moja: Graphics. Nikaingia Device Manager, orodha ya vifaa vya kompyuta ndani ya Windows, nikafungua Display adapters, nikakuta jina "Microsoft Basic Display Adapter".

Maana yake ni kwamba fundi alipiga Windows akaondoka bila kuweka draiva ya grafiki, yaani programu inayoiwezesha Windows kuongoza chipu inayochora picha kwenye kioo. Windows ikikosa draiva halisi hutumia hii ya kubangaiza ili angalau kioo kionyeshe kitu. Draiva hiyo haijui kuiwasha upya chipu ya grafiki baada ya kukatiwa umeme, bali hutegemea mpangilio uliowekwa na BIOS au UEFI, programu ya ndani ya mazabodi inayotangulia Windows, wakati kompyuta inawaka. Kama Windows ingeruhusu mashine ilale, ingeamka na kioo cheusi. Ndiyo maana inaiondoa "Sleep" kwenye menyu moja kwa moja. Huo si uchakavu wa mashine, ni kazi iliyoachwa nusu. Na dalili zilikuwa mbele ya macho yake kabla hata sijafika kuichukua, kwani herufi zilikuwa kubwa kuliko kawaida na picha zimetanuka kama zimevutwa pembeni. Fundi anayeona kioo cha namna hiyo akasema "iko safi" ama hajui kazi, ama anajua na anategemea kwamba mimi sijui. Sijaamua lipi ni baya zaidi.

Dawa yake haikuhitaji bisibisi. Nilisoma modeli iliyoandikwa kwenye kibandiko ubavuni mwa CPU, nikaingia kwenye tovuti ya watengenezaji wa kompyuta hiyo, nikapakua draiva ya grafiki ya modeli ileile, nikaiweka na kuiwasha mashine upya. Herufi zilirudi kwenye ukubwa wake, na "Sleep" ikarudi mahali pake bila mimi kuigusa. Kilichotumika ni bando, kwa kuwa faili za draiva za namna hii zinaweza kufika megabaiti mia kadhaa, na nina shaka kwamba hilo bando ndilo hasa fundi alilokuwa akilikwepa. Kama ni hivyo, angenitajia gharama yake nami ningelipa.

Kwa haki, si kila "Sleep" inayopotea imepotezwa na draiva. Wakati mwingine imeondolewa tu alama ya vema ndani ya Control Panel, kwenye Power Options, chini ya "Choose what the power buttons do", na hapo ni lazima kwanza ubonyeze "Change settings that are currently unavailable" ndipo visanduku vikubali kuguswa. Kwetu kisanduku cha "Sleep" hakikuwepo kabisa hata cha kutiwa alama, na hilo peke yake lingemwelekeza fundi yeyote makini. Kwenye baadhi ya mashine S3 imezimwa ndani ya BIOS. Kompyuta za ofisini huenda zimefungiwa "Sleep" na wasimamizi wake, na baadhi ya kompyuta mpakato za miaka ya karibuni hazina S3 kabisa, zinatumia aina nyingine ya kulala inayoandikwa S0, kwa hiyo mwenye nayo asishangae kuona S3 imekataliwa. Powercfg /a inazitenganisha nyingi kati ya sababu hizi kwa muda usiotosha kunywa chai.

Jirani yangu aliposikia habari hii aliniambia kwamba kulaza kompyuta ya mezani kwa umeme wetu huu unaokatika ni kujitafutia balaa. Ni kweli kwamba S3 ikikatiwa umeme, kilichokuwa kwenye RAM kinapotea. Lakini ndiyo sababu kompyuta za mezani zina kitu kinachoitwa Hybrid Sleep, ambacho kabla ya kulala huandika nakala ya kila kilichofunguliwa kwenye diski, hivyo umeme ukikatika na kurudi, kazi inasomwa kutoka huko. Nacho kinahitaji S3 iwepo.

Ni sawasawa na fundi cherehani kukurudishia suruali isiyo na zipu, ukilalamika akwambie kiuno chako ndicho kibovu na akuuzie suruali nyingine.

Nimechapisha majibu ya powercfg, ya kabla na ya baada ya kuweka draiva, nikayapeleka dukani pamoja na risiti. Fundi aliyasoma akanyamaza, akaniambia suala la kurudishiwa fedha analo bosi na kwamba bosi yupo Jumatatu, na akapendekeza nije na mashine ili "waicheki vizuri". Jumatatu nitakwenda. Mashine itabaki nyumbani.